Mwenyekiti Yupi?

Majanji, 13 Januari 2026

Wifi yangu Anjeline,

Anayekuletea barua hii ni Annet, yule mama Mkenya anayenunua mukene, dagaa wetu, hapa mwaloni wanapopakulia samaki kila Jumanne na Jumamosi na kuivusha kwenu kama omena. Pamoja na barua anakuletea Peace. Shule bado zimefungwa, kwa hiyo hakuna atakayeuliza. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kisamia changu unakijua, na wewe Kidhopadhola hutajifunza hata nikifa.

Kupiga simu naogopa. Mtandao umeanza kufifia leo asubuhi, na Jumapili vijana fulani walisimamisha watu njiani wakisoma simu zao. Karatasi angalau inaweza kuliwa.

Kaka yako Oguttu amekubali kuwa ajenti wa upande wa upinzani katika kituo chetu. Nilimwomba aache. Akasema, "Kevina, kazi ni kukaa na kuhesabu. Kuhesabu najua." Mugeni, mwenyekiti wa kijiji, amekwisha kupita hapa mara mbili kumsalimia. Ni salamu za kucheka sana. Sizipendi.

Wifi, nakuomba kitu kimoja tu. Usimwambie mtoto habari za siasa. Nimemwambia anakuja likizo. Ana miaka kumi. Mlishe, mfundishe hesabu, mpeleke kanisani. Yale unayoandika gazetini yaache gazetini.

Wako,
Kevina


Busia (Kenya), 16 Januari 2026

Kevina,

Mtoto amefika salama, ananuka omena, ana njaa. Ameshakula. Sasa tugombane.

Jioni ya kwanza nilikuwa namenya viazi. Akaniuliza:

"Shangazi, hii ni likizo kweli?"

"Mama amesemaje?"

"Amesema likizo. Lakini alikuwa analia akifunga mkoba."

"Wewe unafikiri ni nini?"

"Kura."

"Na kura ni nini, Peace?"

Akafikiri, kisu chake kikiwa juu ya kiazi. "Ni ile siku watu wanaambiwa wasitoke nje."

Umesikia, wifi? Hiyo ndiyo maana ya neno hilo kichwani mwa mwanao. Hukumfundisha wewe, hakufundishwa na mwalimu. Amejifunza kutoka kwenye kimya chenu. Nilifundisha historia miaka kumi na tisa kabla hawajanifukuza, na ninakuambia: kila nchi iliyoibiwa, nyuma ya mwizi kulikuwa na mama mwema anayewaambia watoto, "Kula, nyamaza." Jumapili tunawafundisha habari za Herode aliyechinja watoto wachanga, tunawapa na rangi wapake upanga wake, halafu tunasema hawajakomaa kuambiwa jinsi karatasi inavyoingizwa ndani ya debe la kura!

Nilimweleza kura ni nini. Tulipiga kura hapa nyumbani, mimi, yeye na jirani yangu Carol: wali au ugali. Ugali ulishindwa kura mbili kwa moja. Carol alinuna, akataka kuhesabu upya. Peace alicheka mpaka akashika tumbo.

Hicho ndicho nilichomfundisha. Nishtaki.

Msalimie Oguttu. Mwambie nimejivunia.

Anjeline


Majanji, 17 Januari 2026

Wifi,

Wamemchukua.

Barua yako imenikuta mlangoni. Nimeisoma mpaka mahali unaposema umejivunia, nikaikunja.

Naandika upesi, Annet anangoja. Alhamisi walihesabu vizuri, mbele ya watu. Upande wa Oguttu ulipata mia nne na kumi na mbili, ule mwingine tisini na saba. Msimamizi alijaza fomu ya matokeo, akapiga mhuri, mawakala wote wakatia sahihi, kila mmoja akapewa nakala yake. Halafu wakaja watu wawili na fomu nyingine imekwisha jazwa, namba zimegeuzwa, tisini na saba iko kwake, mia nne na kumi na mbili iko kule. Wakasema mawakala watie sahihi hiyo. Wenzake walitia. Oguttu alikataa. Alikuja nyumbani mbio, akanipa nakala ya kwanza, akasema, "Hii isipatikane hapa." Ijumaa asubuhi alikuwa anapiga mswaki pale nje. Gari lilikuja bila namba. Mugeni alisimama barabarani akainua mkono kuonyesha nyumba, kama mtu anayemwelekeza mgeni. Mswaki bado uko kwenye nyasi, sijaweza kuuokota.

Fomu iko ndani ya bahasha hii. Annet anajua amebeba barua tu. Iweke mahali salama.

Mtoto asijue. Akiuliza, baba yake amekwenda Tororo kununua nyavu.

Kevina


Busia (Kenya), 19 Januari 2026

Kevina,

Nimekaa na fomu hii mikononi siku mbili. Mwandiko wa kaka yangu unajulikana hata gizani: ile O yake anavyoifunga kwa mkia. Mia nne na kumi na mbili. Nataka kupanda juu ya paa la soko niisome kwa sauti.

Nimempata wakili, Chrispinus, kijana niliyemfundisha, sasa ana ofisi Tororo. Anasema picha ya simu haitoshi, watasema tumeitengeneza. Karatasi yenyewe, yenye mhuri, ndiyo itakayofungua mdomo wa mahakama. Alitaka kuvuka kuichukua kesho. Nimemwambia aje Jumatano ya wiki ijayo, tarehe ishirini na nane, maana makala yangu nataka iwe tayari, vitoke siku moja, karatasi mahakamani na makala gazetini. Nimeiweka ndani ya atlasi, juu ya kabati.

Sasa nipige. Nimemwambia Peace.

Sikuweza ile habari ya nyavu. Mtoto wa mwaloni! Aliniuliza nyavu za kimo gani, na kwa nini zinunuliwe Tororo wakati Majanji zinauzwa. Umemdharau, wifi. Nikamkalisha, nikamwambia baba yake amekamatwa kwa sababu alihesabu vizuri na akakataa kusema amehesabu vibaya. Hakulia. Aliuliza maswali kama hakimu.

"Wanataka nini?"

"Karatasi yenye hesabu."

"Tunayo?"

"Tunayo."

"Nani mkubwa wa kura?"

"Mwenyekiti."

"Yeye ana nguvu ya kumtoa baba?"

"Karatasi hii ikimfikia mwenyekiti, hawatakuwa na sababu tena ya kumshikilia."

Akaenda kulala bila kuambiwa. Leo amenisaidia kupanga vitabu kwenye kibanda ninachouzia, mtulivu, amenyooka kama fimbo. Hivyo ndivyo mtoto anavyokuwa akiheshimiwa.

Usikate tamaa. Wanaogopa karatasi moja, na sisi ndio tulio nayo.

Anjeline


Majanji, 20 Januari 2026

Anjeline,

Wewe huna mtoto. Sikutaka kuandika hilo lakini mkono umeshaandika na sifuti.

Nimekwenda polisi Tororo mara tatu kumtafuta Oguttu. Mara ya kwanza waliniambia hakuna mtu wa jina hilo. Mara ya pili askari mwanamke, Alungat, wa kwetu kabisa, aliniuliza kwa Kidhopadhola kama ninatoka Sop Sop, kwa nani. Nikamtajia baba yangu. Akaangalia chini akasema, "Dada, lete shati safi." Kwa hiyo yuko. Mara ya tatu nilipeleka shati, wakanirudishia alilokuwa amevaa. Sitakuambia lilikuwaje.

Na wewe unanihesabia maswali ya mtoto kama mchezo wa mpira! Amenyooka kama fimbo kwa sababu ameogopa. Peace akiogopa hunyamaza na kupanga vitu. Ulikuwa hujui. Sasa unajua.

Jana Mugeni alikuja akakaa kwenye kiti cha Oguttu. "Mama Peace," akasema, "kuna karatasi ndogo inatusumbua. Wewe huisumbukii?" Nikasema sijui karatasi yoyote. Akauliza mtoto yuko wapi. Nikasema Sop Sop kwa bibi yake. Akasema, "Sop Sop kuzuri. Mvua imenyesha huko." Akamaliza chai yote.

Karatasi mpe Chrispinus leo. Usingoje makala. Nani anakula makala?

Kevina


Busia (Kenya), 23 Januari

Kwa Mwenyekiti,

Shikamoo. Mimi ni Peace, mtoto ya Oguttu. Niko kwa shangazi hapa Busia Kenya, karibu na stendi ya malori. Mama alituma karatasi ya kura kwa shangazi na Annet alileta. Shangazi alisema karatasi ikifika kwa Mwenyekiti watamwachilia baba. Lakini yeye anangoja kuandika gazeti na baba anangoja. Kwa hiyo nimeitoa kwa atlasi, nimeiweka ndani ya hii barua. Nitampa Annet akuletee.

Baba hakuiba. Yeye alihesabu tu. Unaweza kuhesabu tena.

Mimi nakula vizuri na nalala vizuri. Hakuna mtu amenipiga. Nataka tu baba arudi nyumbani. Tafadhali fanya haraka.

Peace Oguttu


Majanji, 27 Januari 2026

Anjeline,

Anayeleta hii ni Jeff wa bodaboda. Annet hatakuja tena Majanji. Jumamosi jioni walimwaga magunia yake yote ziwani, na bado anashukuru kwa sababu ni magunia tu.

Jumapili nilikuwa nimetoka kanisani. Mugeni alikuwa ananingoja mlangoni, amevaa suti. Akatoa karatasi mfukoni, akaniambia, "Mtoto wako ana mwandiko mzuri, Mama Peace. Huko Sop Sop wanafundisha." Akaisoma yote kwa sauti. Yote, wifi. Jina la Annet. Jina lako. Mama alituma. Alipofika "Shikamoo" alisema, "Marahaba," akacheka.

Nikamwuliza fomu iko wapi. Akasema, "Fomu gani? Mimi nimepata barua ya mtoto." Akaondoka.

Nimekaa sakafuni mpaka mbuzi wakaingia ndani. Nilikuwa najiuliza mtoto wangu amepataje akili ya kumwandikia yule mtu. Ndipo nikatoa barua zako, nikazisoma moja moja, nikafika pale. "Nani mkubwa wa kura? Mwenyekiti."

Mwenyekiti yupi, Anjeline? Majanji kuna mwenyekiti mmoja. Tangu Peace ajue kusema, mwenyekiti ni Mugeni. Akipotea mbuzi, mwenyekiti. Ukitaka barua ya shule, mwenyekiti. Ulimwambia mtoto, mpelekee Mugeni, na mtoto ametii.

Chrispinus akija kesho umwambie nini?

Kevina


Busia (Kenya), 28 Januari 2026

Kevina,

Chrispinus amekuja, amefungua atlasi mwenyewe, amekuta ramani tu. Ameondoka bila kunilaumu, na hilo limeniumiza kuliko angenitukana.

Nilisema mwenyekiti wa tume ya uchaguzi. Hapana, sikusema "wa tume". Nilisema mwenyekiti, basi. Huku kwetu kijiji kina mzee wa mtaa na chifu, na mwenyekiti ni yule mkubwa wa uchaguzi anayesoma matokeo kwenye televisheni. Nimeishi upande huu miaka thelathini na mbili, nimesahau lugha ya nyumbani kwa mama yangu, hatua chache tu ng'ambo ya geti la mpaka. Na wewe uliniandikia, tena katika barua ya kwanza kabisa, Mugeni, mwenyekiti wa kijiji. Nilisoma. Sikusikia. Nilikuwa natafuta mahali pa kukujibu.

Nilimwuliza Peace kama ametuma barua. Alifurahi! Alidhani nimepata majibu. Akasema, "Sikutaka kukuambia, ungesema ungoje." Nikamwuliza kwa nini kwa Mugeni, akanitazama kama mjinga. "Si wewe ulisema?"

Sijamwambia kitu. Ninaogopa kumwambia, Kevina. Mimi! Niandikie neno moja juu ya kaka yangu, hata kama ni baya. Nipigie hata simu, wasikilize wote, sijali tena.

Anjeline


Majanji, 3 Februari 2026

Wifi,

Oguttu amerudi. Naandika mimi kwa sababu vidole vyake vya kulia havikunjiki.

Walimleta jana adhuhuri mpaka mwaloni, siku ya soko, wakampa kipaza sauti. Akasoma karatasi kwamba ile fomu aliiandika mwenyewe nyumbani, mhuri akauchonga kwenye soli ya ndala, na kwamba anaomba radhi kwa kijiji. Watu walikuwa wanaangalia samaki. Hakuna aliyezomea, hakuna aliyepiga makofi. Mzee Etyang peke yake alivua kofia. Halafu wakamwachilia, akaja nyumbani kwa miguu, mimi nikiwa nyuma yake.

Kuingia tu, aliinama akaangalia chini ya kitanda. Akaenda jikoni. Akarudi.

"Peace yuko wapi?"

"Kwa dada yako. Si wewe ulimpakia kwenye gari la Annet?"

"Wamemrudisha huko lini?"

"Nani?"

"Kevina, walimwachilia lini?"

Nikamwambia hajawahi kushikwa na mtu. Hata siku moja.

Akakaa chini. Ndipo akaeleza. Siku kumi na sita alikuwa amekataa kutia sahihi. Wakaja na barua, wamekunja sehemu ya juu, anaona ya chini tu: nakula vizuri, nalala vizuri, hakuna mtu amenipiga, fanya haraka. Mwandiko wa mwanawe. Akawauliza yuko wapi. Wakamwambia, "Si unaona? Anaandika vizuri." Akaomba kalamu. Alitia sahihi na mkono wa kushoto.

Amekaa pale mpaka chai imepoa. Nilidhani atakulaani wewe, au mimi. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mwambieni barua yake ndiyo iliyonitoa. Ni kweli, ndiyo iliyonitoa. Mengine msimwambie. Anjeline asithubutu." Halafu akaniomba nimfunge vifungo vya shati.

Majibu haya mpe mtoto wewe, si mimi. Wewe ndiwe unayesema watoto waambiwe.

Kevina


Busia (Kenya), 5 Februari 2026

Kevina,

Nimefanya alivyosema kaka yangu.

Nilimngoja Peace amalize kuoga. Nikamketisha pale pale nilipomketisha ile siku nyingine, nikamwambia baba amerudi nyumbani, amerudi kwa sababu ya barua yako. Alisimama juu ya kiti. Alipiga kelele mpaka Carol akaja na mwiko mkononi, akidhani ni nyoka. "Nilikuambia, Shangazi! Nilikuambia, wewe unangoja tu!" Akamkumbatia Carol, akanikumbatia mimi, akasema Mwenyekiti ni mtu mzuri, na kwamba alikuwa anamwogopa bure.

Hapo nilifungua mdomo. Nakuapia, nilifungua. Nikaona vile vidole usivyoniambia vimefanywa nini, nikafunga.

Lakini unamjua. Alishuka kitini, akatulia, akauliza, "Kwa hiyo walihesabu tena?"

Nimeandika makala mia tatu na zaidi. Nimewaita mawaziri waongo kwa majina yao. Nimefukuzwa kazi kwa kukataa kusahihisha neno moja. Mtoto wa miaka kumi, kanga mabegani, maji yanamchuruzika masikioni, ananitazama, anangoja.

Nikasema, "Walihesabu."

"Na ikawa ngapi?"

"Mia nne na kumi na mbili."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyeletewa chenji kamili. Akasema akiwa mkubwa atakuwa ajenti kama baba, kituo kile kile, na safari hiyo hakuna haja ya kuogopa kwa sababu sasa anajua pa kupeleka karatasi.

Kevina, hii si hasira na si ubishi. Njoo umchukue mtoto. Njoo kesho, panda na Jeff, usingoje Jumamosi. Nikikaa naye siku nyingine mbili nitamwambia, na nisipomwambia atakua akiamini, na sijui lipi kati ya hayo mawili ndilo litakalomwua.

Anjeline